Carl Eric Wickman, mchimba madini aliyepoteza kazi akaanzisha mabasi ya Greyhound

Kunako mwaka 1914, katika mji wa Hibbing, kaskazini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana mmoja mzaliwa wa Uswidi alibaki na gari moja ambalo hakuna mtu aliyetaka kulinunua. Alikuwa ametoka kupoteza kazi yake mgodini. Hakuwa na elimu kubwa, na kwao kulikuwa mbali, ng'ambo ya bahari.

Kijana huyo ni Carl Eric Wickman. Alipofariki miaka 40 baadaye, kampuni aliyoianzisha kwa gari hilo moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote za mabasi ya safari ndefu nchini Marekani. Jina lake ni Greyhound, na alama yake ni mbwa mwembamba wa mbio anayekimbia.

Maisha yake yanawagusa wakaaji wa mashariki mwa Kongo kwa sababu moja. Huku kwetu pia, wengi wenye magari ya usafiri walianza na gari moja, njia moja na abiria wachache. Kinachoanza baada ya hapo ndicho kigumu: magari yanakuwa mengi, bei inashuka, kila mmoja anataka kumwondoa mwenzake barabarani. Wickman alipita katika hali hiyo hiyo. Alichokifanya kilimletea abiria basi bora na tiketi moja ya kuvuka nchi nzima. Lakini kilileta pia swali gumu: washindani wote wakiungana, nani anabaki kumtetea abiria?

Kutoka Uswidi hadi mgodini

Wickman alizaliwa tarehe 7 Agosti 1887 katika parokia ya Våmhus, mkoa wa Dalarna, katikati ya Uswidi. Kwao aliitwa Martis Jerk. Wakati ule Waswidi wengi walikuwa wanahamia Marekani kutafuta maisha, na yeye alifunga safari mwaka 1905, akiwa kijana wa karibu miaka 18.

Kwanza alifanya kazi ya mbao huko Arizona. Kisha akapanda kaskazini hadi Minnesota, kwenye eneo la Mesabi, lenye chuma kingi ardhini. Hapo alipata kazi ya kutoboa mwamba kwa mashine. Ilikuwa kazi nzito, na katika majira ya baridi joto la sehemu hizo hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Hibbing ulikuwa mji wa mgodi kwa kila hali. Watu wa Kolwezi wataelewa vizuri: chuma kilikuwa chini ya nyumba zenyewe. Miaka michache baadaye, kuanzia 1919, sehemu kubwa ya mji ilibidi ihamishwe ili mgodi upanuliwe. Majengo mengi yalikokotwa mazima mazima, kilomita chache kuelekea kusini, hadi mahali palipoitwa Alice.

Alice ndipo biashara ya Wickman ilipozaliwa.

Gari lisilonunuliwa

Alipopoteza kazi mwaka 1914, Wickman alijaribu kuwa mchuuzi wa magari. Alichukua gari la aina ya Hupmobile, lenye nafasi ya watu 7, lililotengenezwa Detroit. Mauzo hayakwenda. Gari lilikuwa bado kitu cha matajiri, na wakaaji wa Hibbing wengi walikuwa vibarua wa mgodi.

Hata hivyo, aligundua jambo moja. Wachimbaji hawakuweza kununua gari, lakini walihitaji kusafiri kila siku. Kati ya Hibbing na Alice walikwenda kwa miguu ao kwa usafiri wa kubahatisha. Alice palikuwa na kazi, na palikuwa pia na baa nyingi walizozipenda baada ya kazi.

Akishirikiana na Andrew Anderson, Wickman akaanza kuwabeba. Bei ilikuwa senti 15 kwenda, ao senti 25 kwenda na kurudi. Gari lililokuwa limekaa bure likaanza kujaa, tena kupita kiasi, kwa maana wachimbaji walibanana ndani na wengine walining'inia nje.

Jambo kubwa hapa halikuwa gari. Magari ya kubeba abiria yalikuwepo tayari katika miji mingi ya Marekani, na mwaka huo huo madereva wengi wa mijini walianza kupakia watu kwa senti 5. Walipita walipotaka na waliondoka walipojaa. Wickman na wenzake walishika kitu kingine: njia ileile, bei ileile, kila siku. Mchimbaji alijua kwamba akitoka zamu atakuta gari.

Mshindani wa kwanza

Biashara inayolipa haikai peke yake. Mtu mwingine wa Hibbing, Ralph Bogan, alikuwa naye anabeba abiria hadi Duluth, mji wa bandari kwenye Ziwa Superior, umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Kila mfanyabiashara wa usafiri anajua kinachofuata kwa kawaida. Mmoja anapunguza bei, mwingine anapunguza zaidi. Wanagombania abiria njiani, magari hayatengenezwi kwa sababu pesa hazipo, na mwishowe wote wawili wanaanguka.

Wickman na Bogan walikata shauri la kuungana, mwaka 1915. Kampuni yao iliitwa Mesaba Transportation Company. Katika mwaka wake wa kwanza ilipata faida ya dola 8,000. Kufikia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1918, ilikuwa na mabasi 18, na faida ya mwaka ilikuwa imefika dola 40,000.

Huo ndio mtindo ambao Wickman hakuuacha maisha yake yote. Kila alipokutana na mshindani mwenye njia nzuri, alitafuta kumnunua ao kuungana naye kabla ya kupigana naye. Hata mwenyewe aliuza alipoona inafaa: aliacha sehemu yake katika Mesaba, akahamia Duluth na kuanza upya na njia nyingine. Huko akaungana na Orville Caesar, mwenye mabasi wa Superior, mji ulio jirani na Duluth katika jimbo la Wisconsin. Caesar alipenda ufundi, na ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa Wickman kwa miaka iliyobaki.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kununua badala ya kupigana. Katika miaka ya 1920, majimbo yalianza kudai kila kampuni iwe na kibali cha njia. Mwenye kibali alilindwa. Mgeni hakuweza kuingia hivi hivi. Kwa hiyo, aliyenunua kampuni ndogo yenye mabasi mawili ya zamani hakununua mabasi. Alinunua barabara.

Reli yaingiwa na hofu

Mabasi yalianza kuwatisha hata wenye gari la moshi. Abiria wa safari fupi waliona basi linawashusha katikati ya mji, na linapita mara nyingi kwa siku. Treni za njia ndogo zikaanza kukosa watu.

Mwaka 1925, kampuni ya reli ya Great Northern ilifanya kile ambacho Wickman mwenyewe angefanya. Ilinunua asilimia 80 ya kampuni yake ya wakati ule, Northland, kwa dola 240,000. Wickman akabaki kuiongoza, sasa akiwa na mtaji mkubwa mkononi. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake waliunda kampuni mama iliyoitwa Motor Transit Corporation, kwa lengo moja: kununua njia hadi zishikamane kutoka jimbo moja hadi jingine.

Kampuni nyingine za reli zilifuata. Pennsylvania Railroad iliingia ubia mashariki mwa nchi, Southern Pacific ikaingia magharibi. Reli hazikuweza kulizuia basi, kwa hiyo zikawa na hisa ndani yake.

Kufikia mwaka 1930, mtandao huo wote ulikuwa umechukua jina moja, Greyhound, na makao makuu yakawekwa Chicago. Inasimuliwa kwamba jina lilitoka kwa Ed Stone, mwenye njia moja ya Wisconsin, aliyeona kivuli cha basi lake kwenye kioo cha duka likipita, akakumbuka mbwa wa mbio. Jina lilikuwa rahisi, na mbwa anayekimbia alieleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Basi lenyewe linabadilika

Hadithi ya Wickman haikamiliki bila hadithi ya basi, kwa sababu ushindani haukuwa wa bei tu.

Mabasi ya kwanza yalikuwa magari ya kawaida yaliyokatwa katikati na kurefushwa, ao malori yaliyowekewa benchi. Yalikuwa marefu kwenda juu na membamba, na kwenye kona yalipinduka kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndugu wawili wa Oakland, California, wenye jina la Fageol, walitengeneza basi lililobuniwa tangu mwanzo kubeba watu. Walilishusha karibu na ardhi na kupanua nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na kulia. Wakaliuza kama basi la usalama. Wenye mabasi wengi walilinunua, na walioendelea na magari ya kurefushwa wakaanza kuonekana kuwa wa zamani.

Mwaka 1928, kampuni ya Pickwick ya California ilikwenda mbali zaidi. Mbunifu wake, Dwight Austin, alitengeneza basi la usiku la ghorofa, lenye vyumba vya kulala kwa abiria 26. Lilikuwa la ajabu, lakini lilikuwa ghali, na miaka ya shida ya uchumi ilikuwa karibu. Pickwick haikudumu. Njia zake ziliingia katika mtandao wa Greyhound, na Austin baadaye akaenda kufanya kazi Yellow Coach, kiwanda cha mabasi kilichokuwa chini ya General Motors.

Hapo ndipo lilipotoka basi lililobadilisha kila kitu. Kabla ya mwaka 1936, karibu mabasi yote ya safari ndefu yalikuwa na moteri mbele, ndani ya pua ndefu. Pua hiyo ilikula nafasi. Joto, makelele na harufu ya mafuta vilimfuata abiria ndani. Mizigo iliwekwa juu ya paa, ikafunikwa turubai, na mvua ikinyesha ilifika imelowa. Msafiri wa barabara zetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi jipya la Greyhound la mwaka 1936, lililoitwa Super Coach, lilihamisha moteri nyuma na kuilaza kwa upande. Uso ukawa bapa. Sakafu iliinuliwa, mizigo ikaingia chini ya miguu ya abiria, kwenye sanduku lenye mlango wa nje. Dereva akakaa mbele kabisa, akiiona barabara karibu. Sheria ziliweka kikomo cha urefu wa basi, kwa hiyo kuondoa pua kulimaanisha viti zaidi ndani ya urefu uleule, na viti zaidi ni pesa zaidi kwa kila safari.

Ukitazama leo basi lolote kubwa la safari ndefu, ndani ya Kongo ao nje, utakuta karibu kila mara mpangilio huo: uso bapa, mizigo chini, moteri nyuma.

Shida ya uchumi na sinema

Greyhound yenyewe ilikaribia kuanguka. Ilikuwa imenunua njia nyingi kwa mkopo, na baada ya mwaka 1929 abiria walipungua kwa kasi. General Motors, iliyotaka kuendelea kuuza mabasi yake, iliisaidia kubeba sehemu ya deni.

Mambo mawili yakaiokoa. Mwaka 1933 Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na Greyhound ikapanga safari za kwenda huko pamoja na vyumba vya hoteli, yaani abiria alilipa mara moja kwa vyote. Mwaka uliofuata ikatoka sinema ya It Happened One Night, ya Frank Capra, ambamo Clark Gable na Claudette Colbert wanasafiri kwa basi kutoka Miami kuelekea New York. Sinema hiyo ilipata tuzo kubwa za Oscar. Watu waliodhani basi ni la maskini tu walianza kuliangalia kwa jicho lingine.

Serikali yaingilia, mshindani atokea

Mwaka 1935, bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka mabasi ya kati ya majimbo chini ya tume ya serikali kuu. Tume ilisimamia njia na bei. Kwa Greyhound hilo lilikuwa ulinzi, kwa maana njia zake zilitambuliwa. Lakini serikali haikutaka pia kuona kampuni moja ikibaki peke yake.

Mwaka 1936, kampuni kadhaa huru ziliungana chini ya jina la Trailways. Kila moja ilibaki na wenyewe na mabasi yake, lakini ziliuza tiketi zinazopokelewa na wenzao, zikapanga saa za kukutana, na zikatumia jina moja. Walichukua mbinu ya Wickman ya kuungana na kuigeuza dhidi yake.

Tangu hapo, katika miji mingi ya Marekani abiria alikuwa na vituo viwili vya kuchagua. Mmoja akileta kiti kinacholala nyuma, mwingine alilazimika kufuata. Greyhound iliita pia mbunifu maarufu Raymond Loewy, mzaliwa wa Ufaransa, ambaye alimwondolea mbwa wa alama unene na kusaidia kuchora mabasi yenye ubavu wa alumini unaong'aa, yaliyoitwa Silversides.

Doa katika historia yake

Si abiria wote walionufaika sawa. Katika majimbo ya kusini, sheria za ubaguzi ziliwalazimisha watu weusi kukaa nyuma, na mabasi ya Greyhound, kama ya kampuni nyingine, yalizitekeleza. Mtu mweusi alilipa nauli ileile, akakosa kiti kilekile.

Mwezi Julai 1944, wakati Wickman bado ni rais wa kampuni, Irene Morgan, mama mweusi aliyekuwa ndani ya basi la Greyhound huko Virginia, alikataa kumwachia Mzungu kiti chake. Alikamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwezi Juni 1946 iliamua kwamba jimbo haliwezi kulazimisha ubaguzi huo kwa abiria wanaosafiri kutoka jimbo moja hadi jingine. Utekelezaji ulichelewa. Ilibidi vijana weusi na weupe wapande pamoja mabasi ya Greyhound na Trailways mwaka 1961, na basi moja la Greyhound lichomwe moto karibu na Anniston, Alabama, ndipo serikali ilazimishe vituo na mabasi kufunguliwa kwa wote.

Mtandao mmoja unaounganisha nchi nzima ni kitu kizuri. Unaweza pia kusambaza udhalimu mmoja kwa nchi nzima.

Miaka ya mwisho

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabasi yalijaa askari na wafanyakazi, huku mpira wa matairi na mafuta vikigawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Wickman aliacha urais wa kampuni, na Orville Caesar akachukua nafasi yake.

Wickman alifariki tarehe 5 Februari 1954 huko Daytona Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 66.

Miezi michache baadaye, Greyhound ilizindua Scenicruiser, basi la urefu wa mita 12, lenye ngazi mbili, choo ndani, hewa baridi na viti 43. General Motors ilitengeneza 1,001, yote kwa Greyhound. Lilipendwa sana na abiria, ingawa moteri zake mbili za mwanzo ziliwasumbua mafundi hadi zikabadilishwa. Trailways nayo haikuweza kulinunua, ikaenda hadi Ulm, Ujerumani, kwa mtengenezaji Kässbohrer, kutafuta basi la kujibu.

Mwaka 1956 serikali ya Marekani iliishitaki General Motors kwa kuhodhi soko la mabasi, na uhusiano wake wa karibu na Greyhound ulitajwa. Kile kilichomletea abiria basi bora kilikuwa pia kimewafungia mlango wengine.

Kilichobaki

Sheria za kulinda njia zililegezwa mwaka 1982. Miaka 5 baadaye Greyhound ikainunua Trailways, mshindani wake mkubwa. Mwaka 2021 zamu yake ikafika: Greyhound ilinunuliwa na kampuni ya Ujerumani inayoendesha FlixBus, ambayo yenyewe inamiliki mabasi machache sana. Mabasi mengi ni ya wenye magari wa kila mahali, ambao wanakubali jina moja, tiketi moja na saa moja ya kuondoka.

Hibbing kuna jumba la makumbusho ya mabasi kwa kumbukumbu ya safari ile ya senti 15. Kwa wenye magari wa huku kwetu, wanaokutana kila asubuhi kwenye parkingi kugombania abiria walewale, maisha ya Wickman yana mambo mawili ya kubeba. La kwanza, kuungana kunaweza kuleta gari zuri, saa inayoheshimiwa na tiketi inayofika mbali. La pili, wakiungana wote, lazima abaki mtu wa kuangalia bei na kuhakikisha kila aliyelipa anapata kiti chake. Marekani ilijifunza hilo la pili kwa kuchelewa, na abiria ndio waliolipa gharama.